Tunapoombea Birmanie, Tunaomba Nini?



Tangu tulipoingiza nchi ya Birmanie katika kipindi cha maombi ya mataifa, mmetuletea maswali mengi. Wako wanaouliza sababu ya kufunga na kukesha kwa ajili ya nchi ambayo hakuna kati yetu atakayeiona, wakati barabara yetu ya Kindu inameza pikipiki kila mvua inaponyesha, na watoto wanarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa malipo. Wako wengine ambao wamekwisha kuanza kuomba, na wanaomba kwa nguvu, lakini tulipowasikiliza tuliona ni lazima tuandike. Wanafunga "pepo la Budha" kwa kelele mpaka saa nane za usiku, wanawaita watu wa nchi ile wajinga na waabudu mawe, kisha wanarudi nyumbani bila kujua mji hata mmoja wa Birmanie wala kabila lake hata moja. Karatasi ya juma hili ni kwa ajili ya wote wawili, anayeuliza kwa nini na anayeomba bila kujua.

Nchi hiyo leo inaitwa Myanmar, lakini wazee wetu waliizoea kwa jina la Birmanie, nasi tutalifuata. Iko Asia, katikati ya India, China na Thailand. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kila watu 100, 88 ni Wabudha, 6 ni Wakristo na 4 ni Waislamu. Kabila kubwa ni Wabamar, wakaao kwenye mabonde ya mito. Milimani, pande zote za mpaka, kuna makabila mengine mengi.

Wala si nchi ngeni kabisa kwetu. Katika vita vya 40-45, Force Publique ilipeleka huko hospitali ya kijeshi, Wakongomani 350 hivi pamoja na Wazungu 20 hivi, wakawahudumia majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Askari wa divisheni hiyo walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1944, katika mvua kubwa, waliteremka bonde la Kabaw wakiwasukuma Wajapani mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin, wakafika huko mwezi wa Desemba. Mmoja wa Wakongomani waliokwenda vita hiyo, mzee Albert Kunyuku, alikuwa hai bado mwaka 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa na kumvika nishani. Kwa hiyo lugha tunayoombea usiku wa Ijumaa ilikwisha kusikika kwenye kingo za Chindwin kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hatuna shaka kwamba baadhi ya wanaume wale waliitumia kumwita Mungu, usiku, ndani ya matope.

Sasa, Budha ni nani? Kwanza, si mungu, na Wabudha wa Birmanie wenyewe hawasemi kwamba ni mungu. Alikuwa mtu aliyeitwa Siddhartha Gautama, mwana wa mtawala katika upande ambao leo ni Nepal, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Masimulizi yao yanasema kwamba baba yake alimfungia katika raha ili asione ubaya wowote wa dunia. Siku alipotoka nje aliona mzee aliyeinama, kisha mgonjwa, kisha maiti ikipelekwa kuzikwa, na mwisho mtawa mwenye amani usoni. Akaacha jumba, mke na mtoto mchanga, akaenda kutafuta sababu ya mateso. Alichofundisha kwa ufupi ni hiki: maisha ni mateso, mateso yanatokana na tamaa, na anayezima tamaa yake anazima mateso yake. Njia ya kuizima ni ndefu, na kila mtu anaitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Tusilicheke swali lile. Mama wa Pangi aliyezika watoto watatu analijua. Baba aliyekimbia kijiji chake na godoro kichwani analijua. Jibu ndilo tunalotofautiana nalo, lakini swali ni la wanadamu wote, na kitabu cha Ayubu kinaliuliza kuanzia mwanzo.

Kila asubuhi, katika miji na vijiji vya Birmanie, watawa wanapita barabarani pekupeku, kila mmoja na bakuli lake, na watu wanawatilia wali. Mgeni akiona atadhani ni ombaomba. Sivyo. Anayetoa ndiye anayejiona amepata, maana kwa kutoa anajiwekea akiba ya matendo mema itakayomsaidia katika kuzaliwa kwake kunakofuata. Wavulana karibu wote wanavikwa nguo za utawa kwa muda, hata kama ni kwa siku chache tu, na mama aliyempeleka mtoto wake hekaluni anahesabiwa heri kubwa. Basi mtu akisema amemwamini Yesu, haonekani kama amebadilisha jumba la ibada. Anaonekana amemvua mama yake heshima na ameacha kuwa Mburma. Wazee wetu wa Kilega waliobatizwa wa kwanza wanajua maneno waliyoambiwa na watu wa Bwami. Ni maneno ya aina hiyohiyo.

Na hapo tunafika mahali ambapo mahubiri yetu ya Kipentekoste yanajikwaa, hata kama yana upako. Neno tunalolipenda kuliko yote ni kuzaliwa mara ya pili. Mbudha anaamini amekwisha kuzaliwa mara nyingi kupita hesabu, kama mtu, kama mnyama, kama roho, na kila kuzaliwa ni kurudi chini ya mzigo uleule. Kazi yake yote ni kutoka katika mzunguko huo. Sisi tunamfikia na kipaza sauti, tunamwambia kwa furaha kwamba ni lazima azaliwe tena. Ni kama kumwambia mtu aliyetoka gerezani jana kwamba tuna habari njema, kesho atarudishwa.

Tukimwambia uzima wa milele, anasikia mateso yasiyo na mwisho. Tukiimba juu ya damu, anakumbuka kwamba amri ya kwanza aliyofundishwa tangu utotoni ni kutoua kiumbe chochote, na anashangaa dini gani hii inayoshangilia kumwagwa kwa damu. Tukimwambia kwamba Mungu anampenda, atauliza Mungu gani, maana katika mafundisho yake hakuna Muumba. Anazo roho anazoziita nat, 37 zinazojulikana kwa majina, na watu wanazipelekea nazi na ndizi ili zisiwadhuru. Tukimtangazia tu kwamba yuko Mungu mwenye nguvu, anaweza kumweka wa 38 katika mstari, akampelekea nazi yake, tukahesabu ameokoka.

Gumu kuliko yote ni msalaba. Mbudha anaamini kwamba tendo la mtu linamrudia yeye mwenyewe, wala hakuna baba anayeweza kumbebea mtoto wake. Kwamba asiye na kosa abebe deni la mwenye kosa, kwake ni jambo lisiloingia akilini.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 17. Kabla ya kusimama mbele ya watu wa Athene, Paulo alitembea mji wao na kuangalia madhabahu zao moja moja, na moyo wake uliwaka. Alipofungua kinywa alianzia kwenye kitu alichokiona kwao. Hakuanza na matusi. Sisi wa Maniema tulipaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine, maana tunaishi na ndugu zetu Waislamu tangu siku za Tippu Tip, na hatujamwona hata mmoja aliyevutwa na jirani anayemtukania imani ya mama yake.

Adoniram Judson na mkewe Ann, Wamarekani, waliingia Rangoon mwezi wa Julai 1813. Mume alikuwa na miaka 24, mke 23. Si wao waliokuwa wa kwanza kufika, maana Wakatoliki walikuwa wametangulia, lakini ni wao tuliowachagua kwa sababu ya jinsi walivyongoja. Walitumia miaka ya kwanza kujifunza lugha tu. Kisha, mwaka 1819, Judson akajenga zayat. Zayat ni kibanda kilicho wazi kando ya njia, ambapo msafiri anapumzika na wazee wanaketi kuzungumza. Watu wa Maniema wanajua kitu hicho kwa jina moja: barza. Aliketi pale, akazungumza na kila aliyetaka kuzungumza, akajibu maswali. Mwezi wa Juni mwaka uleule akabatiza mtu wa kwanza, Maung Nau, mfanyakazi maskini.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1813 mpaka 1819 ni miaka sita kwa mtu mmoja. Tunajua makanisa yanayomwondoa mwinjilisti baada ya miezi sita kama hakuleta ripoti nzuri. Mpaka mwaka 1822, waliobatizwa walikuwa 18.

Mwaka 1824 Waingereza na mfalme wa Birmanie wakaingia vitani. Judson alikuwa Mmarekani, lakini kwa watu wa mfalme mweupe ni mweupe, akakamatwa kama mpelelezi. Alifungwa minyororo miguuni, na usiku walinzi waliinua miguu ya wafungwa kwa mti wa mwanzi mpaka mabega tu yaguse chini. Ann, akiwa na mimba, alitembea siku kwa siku kwenye nyumba za wakubwa kumwombea mumewe, na kumpelekea chakula, kisha akaendelea na mtoto mchanga mgongoni. Karatasi za tafsiri ya Biblia zilishonwa ndani ya mto wa kulalia, mgumu na mbaya makusudi ili askari asiutamani, na mfungwa akaulalia gerezani. Alipohamishwa mto ukatupwa. Mwamini mmoja wa Kiburma akauokota ili abaki na kumbukumbu ya mwalimu wake, bila kujua kilichomo ndani.

Judson alitoka. Ann akafa Oktoba 1826, na baada ya miezi sita mtoto wao Maria akafa pia. Mume alizama katika huzuni hata akachimba kaburi msituni na kuketi kando yake. Tunaandika hayo kwa sababu katika mahubiri ya ushindi huwa yanarukwa, na kuna watumishi kati yenu walioketi kando ya kaburi la namna hiyo wakadhani wameacha imani. Alisimama tena. Biblia nzima ya Kiburma alimaliza kuitafsiri mwaka 1834, ikachapwa 1835, akaisahihisha mpaka 1840. Wakristo wa Birmanie wanaisoma mpaka leo.

Lakini mavuno makubwa hayakutoka mahali alipopanda. Katika nyumba ya Judson alikuwako mtu wa kabila la Wakaren aliyeitwa Ko Tha Byu. Alikuwa jambazi, na mwenyewe alikiri kwamba alishiriki katika kuua watu wapatao 30. Kisha deni lilimfanya mtumwa. Mwamini mmoja wa Kiburma alilipa deni lake, na baadaye Judson akamchukua. Kichwa chake kilikuwa kizito kwa masomo na hasira yake ilikuwa kali, na wengi walikata tamaa naye. Jambo ambalo Mbudha hawezi kulikubali, kwamba mwingine alipe deni langu, yeye alikuwa amelipiwa tayari, kwa fedha, mbele ya macho yake. Alibatizwa Mei 1828 huko Tavoy, na mmisionere George Boardman. Akarudi milimani kwa watu wake, ambao walikuwa na masimulizi ya kale juu ya Muumba aitwaye Y'wa na juu ya kitabu kilichopotea, ambacho siku moja kitarudishwa. Alihubiri miaka 12 mpaka kufa kwake mwaka 1840, na Wakaren wakaja kwa maelfu. Baadaye Injili ilifika kwa Wakachin na Wachin. (Wachin, si Wachina. Hilo tumelisikia katika maombi pia.)

Wabamar wenyewe, je? Mpaka leo ni wachache sana kati yao. Sababu moja tumeieleza, yaani maneno. Nyingine sisi Wakongomani tunaielewa bila kufundishwa. Waingereza waliimeza nchi ile kwa vita tatu, ya mwaka 1824, ya 1852 na ya 1885, wakamtoa mfalme Thibaw wakampeleka uhamishoni India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa watawa na mahekalu. Kitabu cha mmisionere na bunduki ya mwenye kutawala vilikuwa na rangi moja machoni pa watu, kama vile kwetu babu zetu walivyoshindwa kutenga mtu wa misioni na Bula Matari. Mbamar aliyebaki Mbudha alijiona amebaki Mburma.

Mwaka 1966 serikali ya Jenerali Ne Win iliwafukuza wamisionere wa mwisho. Wengi walidhani kanisa litakufa. Wenyeji wakalishika wenyewe, likakua. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1964, Wasimba walipoteka Kindu, jinsi misioni zilivyobaki bila Mzungu na jinsi wenyeji wa kawaida walivyoendelea kukusanya watu chini ya miti. Ni habari moja katika nchi mbili.

Tangu tarehe 1 Februari 2021, wanajeshi waliponyang'anya mamlaka, nchi ile imo vitani. Katika mji wa Thantlang, kwa Wachin, mwezi wa Septemba 2021, nyumba zilishika moto kwa mabomu. Mchungaji Cung Biak Hum, wa Wabatisti, alitoka kusaidia kuzima moto, akapigwa risasi, akafa. Makanisa yamechomwa katika milima ya Wachin, ya Wakaren na ya Wakachin, na waumini wamelala msituni. Kisha Machi 2025 tetemeko la nchi likabomoa upande wa Mandalay na kuua zaidi ya watu 3,000. Pagoda zilianguka, misikiti ilianguka katika saa ya sala ya Ijumaa, makanisa yakapasuka.

Wala msidhani mateso ni ya Wakristo peke yao, na Wabudha wote ni watesaji. Mwaka 2007 watawa kwa maelfu walitoka barabarani, wakiwasimamia wananchi mbele ya bunduki za serikali, na wengi wao walipigwa na kufungwa. Na mwaka 2017 ni Waislamu Warohingya zaidi ya 700,000 waliokimbilia Bangladesh, vijiji vyao vikiwaka nyuma yao. Wakati ule kuna watawa waliochochea chuki, na Wakristo wengi walinyamaza. Anayeombea Birmanie na awataje wote watatu.

Turudi kwa ndugu anayeuliza kwa nini tuombee mbali. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walipofika Mwanza ya Katanga, na mwaka 1921 Wapentekoste wa Uswidi na Norvegi walipoingia Kivu, nyuma yao walikuwako wanawake na wanaume wa vijijini waliotoa sarafu zao na kupiga magoti kwa ajili ya watu ambao hawatawaona kamwe. Kwao pia kulikuwa na njaa na barabara mbovu. Wangengoja kumaliza shida za kwao, tungekuwa wapi? Tena hatuombi mtu aache kuombea barabara ya Kindu. Saa moja katika juma haitaiharibu zaidi ya ilivyoharibika.

Na kwa ndugu anayeomba kwa kelele: nguvu yako tunaihitaji, ila uielekeze. Omba kwa ajili ya anayetafuta neno la Kiburma ambalo litasema kuzaliwa upya bila kumrudisha mtu kwenye mzunguko wake. Omba kwa ajili ya Mbamar mmoja aliyeamini, ambaye jioni ya leo mama yake hasemi naye. Omba kwa ajili ya mhubiri wa mwaka wa tano asiye na mtu wa kubatiza, asiandike ripoti ya uongo. Kuna maombi ya ishara na uponyaji pia, nayo tunayaamini, kwa kuwa watu wanaoogopa nat wanahitaji kumwona aliye na mamlaka juu yake. Lakini aliyeponywa akose wa kuketi naye kwenye barza na kumjibu maswali, atarudi na nazi yake.

Mkesha wa Ijumaa utaanza saa tatu za usiku. Saa ya kwanza ni ya Maniema: barabara, shule, wagonjwa, waliokimbia vita. Saa ya pili ni ya Birmanie. Kila kiongozi wa seli aje na daftari, maana tutayasoma majina polepole, mji kwa mji na kabila kwa kabila, na mkutano wote utayarudia mpaka midomo iyazoee: Thantlang, Mandalay, Kalewa, Rangoon. Wachin, Wakachin, Wakaren, Warohingya. Kisha Wabamar, na hao tutawapa muda mrefu zaidi.